Mazoezi ya Sauti ya Pili

Kwa mwaka mmoja na miezi mitano, kona ya safu ya kumi na moja haikupigiwa honi.

Ghala lipo Jordbro, Uswidi, kubwa kiasi kwamba ukilivuka kwa miguu unafika upande wa pili umesahau ulichotumwa. Madereva wengine wa foklifti, zile gari za kuinulia mizigo, walipoikaribia kona ile walichungulia tu, au hawakuchungulia, wakaiachia bahati. Fébronie ndiye pekee aliyekuwa na desturi ya kupiga honi mbili fupi, kila mara, hata alipojua hakuna mtu, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua atakaribishwa. Mzee Ndayisaba, aliyefungasha mizigo mwisho wa safu hiyo, alikuwa amezigeuza saa yake. Honi za kwanza, avue jaketi. Honi za mara ya tano, chai. Zilipokoma, siku ya kwanza alifungasha mpaka saa tano na nusu, koo limekauka, ndipo akaenda kwa msimamizi kulalamika kwamba wamemchukulia jogoo wake. Alisema hivyo kwa Kiswidi, na msimamizi akatumia dakika nzima kumweleza kwa upole kwamba kufuga kuku ghalani hakuruhusiwi.

Fébronie mwenyewe hakuwa mbali. Alikuwa kwenye meza ndogo karibu na mlango wa ofisi, akibandika lebo.

Kilichompeleka pale mezani kilidumu dakika mbili. Asubuhi moja ya Septemba, kwenye chumba cha mapumziko, kikombe kilimponyoka, na alipozinduka alikuwa sakafuni amelazwa ubavu, jaketi la Ndayisaba chini ya kichwa chake. Mzee alikuwa amepiga magoti akimwambia kwa Kirundi kwamba hapa ni Jordbro, leo ni Jumatano, na chai iliyomwagika ni ya msimamizi, kwa hiyo hakuna hasara.

Kifafa. Walikuwa wanafahamiana. Kilimjia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, kambini, upande wa Kigoma, baada ya familia yake kukimbia kutoka Rumonge. Alianguka karibu na jiko la kuni, na tangu siku hiyo mama yake akamwekea amri moja: usikimbie. Wenzake waliruka kamba, yeye akashika ncha ya kamba. Wenzake walikwenda kucheza mpira, yeye akalinda viatu. Mama hakuwa katili. Aliogopa tu, na hofu ya mama ikikaa muda mrefu hugeuka kuwa mwili wa mtoto. Dawa zilipopatikana kifafa kilinyamaza, kikanyamaza miaka kumi na tisa, akahamia Uswidi, akamzaa Kelly, akajifunza kuendesha foklifti, na bado alipoona basi linaondoka kituoni hakulikimbilia. Alisimama akalitazama likienda.

Daktari wa kampuni alisema jambo moja ambalo halikuhitaji mkalimani: miezi kumi na miwili. Akikaa miezi kumi na miwili bila kuanguka, atarudi kwenye foklifti. Si kumi na mmoja na nusu. Akianguka katikati, hesabu inaanza upya.

Juu ya kiti cha foklifti, mwanamke mfupi wa Rumonge alikuwa akiinua tani moja na nusu kwa vidole viwili, na wanaume warefu walimpisha. Mezani aliinua lebo. Hakuna aliyemdharau kwa hilo; walimhurumia, na huruma ndiyo iliyomchosha. Alikitaka kiti chake.

*

Mwezi wa Oktoba alikwenda kwa Josefin, muuguzi wa kliniki ya kifafa, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi na tabia ya kuuliza swali kisha kungoja jibu kwa dhati. Kiswidi cha Fébronie kilitosha kwa ghala, lakini kwa mambo ya kichwani mwake alitaka mtu wa kati. Mkalimani wa Kirundi hakupatikana. Akapatikana wa Kiswahili, kwa simu, mwanamume mwenye sauti safi kama ya msomaji wa taarifa ya habari.

Josefin alimweleza kwamba usingizi mbovu huweza kukichokoza kifafa, na kwamba kwa watu wengi wenye hali hiyo mwili uliofanya kazi mchana hulala vizuri zaidi. Haikuwa dawa badala ya dawa. Vidonge vingebaki vilevile. Ilikuwa nyongeza.

"Bi Fébronie," ilisema sauti ya simu, "muuguzi anakushauri ufanye mazoezi mara tatu kwa juma. Upumue kwa nguvu, utoke jasho kidogo, lakini uweze bado kuzungumza. Na umalize saa mbili au tatu kabla ya kulala."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa neno zuri. Kwa Fébronie, kukimbia na kunyoosha viungo kunaitwa siporo, neno ambalo Warundi walilichukua kutoka Kifaransa wakalivalisha nguo zao. Mazoezi kwake yalikuwa kitu kimoja tu tangu kambini: mazoezi ya kwaya.

Na kwaya alikuwa ameiacha. Wiki moja baada ya kuanguka alimwandikia mwalimu wa kwaya kwamba amebanwa na kazi, kwa sababu aliogopa kuanguka mbele ya watu mdomo ukiwa wazi katikati ya wimbo. Sasa serikali ya Uswidi, kwa mdomo wa muuguzi mwenye miwani ya uzi, inamwagiza arudi! Upumue kwa nguvu: bila shaka, sauti ya pili hutoka tumboni. Utoke jasho kidogo: ukumbi ule una mitambo ya joto ya kutosha kuoka mkate. Alikaribia kumkumbatia Josefin.

"Mara tatu," alisema, akihakikisha.

"Mara tatu," simu ikathibitisha.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Wangari, Mkenya aliyekuja kusoma, akaolewa, akabaki. Mchana alifundisha chekechea, na ndiyo maana aliwaongoza watu wazima kwa makofi na macho makali.

"Mama Kelly! Si ulisema kazi imekumeza?"

"Imenitapika. Daktari ameniandikia kwaya."

"Ameandika wapi? Nionyeshe, niwapelekee hawa wa besi. Hao ndio wagonjwa."

Basi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu na nusu, Fébronie alikaa kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani katika ukumbi wa kanisa pale Farsta, akafanya mazoezi kwa utii mkubwa. Baadaye chai, baadaye vicheko, baadaye kusindikizana. Nyumbani alilala, lakini nyimbo hazikulala. Zilimzunguka kichwani zikirudia ubeti uleule mpaka saa saba, na saa kumi alfajiri kengele ya simu ikamwamsha kwenda Jordbro. Kuhusu ile amri ya saa mbili au tatu, aliikumbuka na kuipigia hesabu: kama usingizi unanijia saa sita au saba, na mazoezi yanakwisha saa tatu na nusu, nimetii.

Kwenye daftari la usingizi alilopewa na kliniki, chini ya safu ya mazoezi, kulikuwa na alama za vema mfululizo, nzuri kama mboga bustanini.

Mwezi wa Januari, Ijumaa asubuhi, alianguka jikoni kwake. Kelly, mwenye miaka kumi na sita, alimgeuza ubavu, akatazama saa na kungoja, kama walivyofundishwa. Fébronie alipozinduka hakuuliza kilichotokea. Aliuliza tarehe, kisha akageuza uso ukutani. Miezi minne ilikuwa imefutika.

*

Josefin aliomba daftari lijazwe upya kwa wiki mbili, mara hii jioni nzima iandikwe, saa kwa saa. Kelly ndiye aliyeandika, kwa kuwa Kiswidi cha mama yake kiliota miiba kikigusa karatasi. Siku ya miadi Fébronie aliketi na binti yake, simu ikawekwa mezani, na bahati ikaleta sauti ileile ya taarifa ya habari.

Josefin alivaa miwani, akasoma. Akavua miwani. Rangi ilimtoka usoni.

"Fébronie," alisema kwa Kiswidi cha polepole, bila kungoja simu, "unaendesha gari?"

"Mimi? Hapana! Sina hata baiskeli."

"Imeandikwa hapa. Jumanne, saa moja hadi saa tatu na nusu, unaendesha. Alhamisi, unaendesha. Jumamosi, unaendesha."

Kelly alivuta daftari, akatazama mwandiko wake mwenyewe, akaziba mdomo. Kwa Kiswidi, neno la kwaya na neno la kuendesha huandikwa sawasawa, *kör*, herufi tatu zilezile; mdomo tu ndio huzitofautisha.

"*Nej, nej, kör!*" alisema Kelly, akalitamka lile la kwaya. "*Hon sjunger!*" Anaimba.

Josefin alipumua kama mtu aliyetolewa majini. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama safu nyingine.

"Lakini kama unaimba saa hizo, mazoezi unafanya saa ngapi?"

Mkalimani akatafsiri. Fébronie akajibu kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mtoto: "Ndiyo hayo. Saa moja hadi saa tatu na nusu. Sauti ya pili."

Halafu kutoka kwenye simu ikatoka sauti ambayo msomaji wa taarifa ya habari haruhusiwi kuitoa: kicheko cha puani, kilichozuiwa, kikashindikana.

"Bi Fébronie, samahani. Samahani sana. Muuguzi alimaanisha mazoezi ya viungo. Ya mwili."

"Siporo?"

"Naam. Siporo."

"Sasa weye kaka, kwa nini hukusema siporo?"

Kelly alikuwa ameshainamia magoti yake, mabega yakimtikisika. Josefin alisubiri kutafsiriwa, akatafsiriwa, na wote wanne, watatu chumbani na mmoja simuni, wakacheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Lakini Fébronie ndiye aliyeacha kwanza.

"Mwambie siwezi," aliiambia simu. "Mtu wa kifafa hakimbii."

Josefin hakucheka tena. Aliuliza nani alisema hivyo. Fébronie akasema mama. Josefin akauliza mama alisema lini. Fébronie akahesabu, akakuta miaka thelathini na miwili, na alipoitaja namba hiyo aliisikia kwa masikio ya mtu mwingine.

Walizungumza nusu saa. Asiogelee peke yake, asipande juu. Asianze kwa pupa. Kutembea haraka kunatosha, mchana, si jioni, na mwenzake awepo. Nyimbo za usiku zipungue. "Siwezi kukuahidi," alisema Josefin. "Naweza kukuambia tu kwamba wengi hulala vizuri zaidi, na kwamba aliyelala vizuri ana nafasi nzuri zaidi."

Kwenye treni ya kurudi Kelly alisema kwa Kiswidi kwamba mazoezi ya viungo ya sauti ya pili yaingizwe kwenye Olimpiki. Mama yake akamwambia kwa Kiswahili anyamaze. Walikuwa wanatabasamu, kila mmoja dirisha lake.

*

Wangari, ambaye sasa alikuwa ameelezwa habari za kifafa, alifika kituo cha Farsta strand saa tisa na nusu mchana, Jumanne ya mwisho ya Februari, amevaa kofia ya sufu yenye kishada na vyuma vya kuzuia kuteleza chini ya viatu. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa umechomoza.

"Hicho nini?"

"Kijiko."

"Tunakwenda kutembea, Mwalimu, hatuendi pilauni."

"Cha kukuwekea mdomoni ukianguka. Usiume ulimi."

"Ukiniwekea kijiko, nikizinduka nitakudai uji." Fébronie alikitoa mfukoni, akakitia kwenye mkoba wake. "Usiniwekee kitu mdomoni. Unigeuze ubavu, utazame saa, ukae nami. Zikipita dakika tano, piga simu. Basi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na weye, Mkenya, si ndiye utanifundisha kukimbia?"

"Ati Mkenya! Mimi natoka kwa Wakenya wa kukaa. Nimekimbia mara mbili maishani, na mara zote ilikuwa ng'ombe."

Walishika njia ya ziwa Magelungen. Barafu ilikuwa bado haijayeyuka, nyeupe mpaka ng'ambo, na matete yalisimama ndani yake kama sindano zilizosahauliwa kwenye kitambaa. Fébronie alitembea akisikiliza mwili wake jinsi mtu anavyosikiliza nyumba ya kupanga usiku wa kwanza: ule mlio ni nini, ule moyo unapiga kwa nini. Kwenye mlima mdogo alipumua kwa nguvu, akaogopa, akasimama.

"Unaweza kuzungumza?" aliuliza Wangari.

"Naweza."

"Unaweza kuimba?"

Fébronie aliimba mstari mmoja wa sauti ya pili, mbovu, uliokatikakatika. Lakini ulitoka. Wakaendelea. Hicho ndicho kikawa kipimo chao: ukiweza kuimba wimbo mzima, umelala njiani, ongeza mwendo; usipoweza kuimba hata neno, punguza.

Jumanne na Alhamisi wakawa wanatembea baada ya zamu. Mazoezi ya jioni Fébronie aliyaacha kwa mara ya pili, na mara hii hakusingizia kazi. Alisimama mbele ya kwaya akasema ana kifafa, anahitaji kulala. Wa besi mmoja aliuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza, na Wangari akamwambia kwamba katika kwaya ile kitu pekee kinachoambukiza ni kuimba nje ya ufunguo, na chanzo chake kinajulikana. Kisha akatangaza kwamba mazoezi ya Jumamosi yatakuwa saa nne asubuhi, saa ya kwanza ziwani, kwa miguu. Walinung'unika. Walikuja.

Watu kumi na wanne katika mstari, wawili wawili, wakipanda na kushuka kando ya maji wakiimba sauti nne. Mzee mmoja wa Kiswidi aliyeitwa Filip, mwenye mbwa na fimbo mbili za kutembelea, aliwapisha Jumamosi ya kwanza, ya pili, na ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Samahani, ni maandamano?"

"Ni mazoezi," alisema Fébronie kwa Kiswahili, na kabla hajatafuta neno la Kiswidi, Wangari alikuwa ameshamwambia mzee kwamba besi wanahitaji msaada. Akafuata nyuma, akiunguruma chini kwa chini, mbwa mbele yake.

Usingizi haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama paka wa jirani: siku moja mlangoni, siku nyingine sebuleni. Mwezi wa Machi Fébronie aliandika kwenye daftari kwamba amelala saa nne usiku. Baada ya Pasaka, saa tatu na nusu, na hakukumbuka kitu mpaka kengele. Kelly alizoea kuona taa ya mama imezimwa kabla yake, akalalamika kwamba nyumba sasa ina watoto wawili na yeye ndiye mkubwa.

Na siku moja ya Mei, kwenye sehemu tambarare baada ya daraja la mbao, Fébronie alimpa Wangari mkoba na kukimbia. Hakusema kwa nini. Alikimbia hatua thelathini, mikono ikipepea vibaya, kwa namna ya msichana wa miaka kumi na minne, maana huko ndiko alikoachia. Kisha akasimama ameshika magoti, akingoja. Hakuna kilichokuja ila pumzi. Alipogeuka, Wangari alikuwa amesimama pale pale, mkoba kifuani, analia.

"Wacha kulia. Ng'ombe yuko wapi?"

"Ni upepo," alisema Wangari. Hapakuwa na upepo.

*

Desemba ilikuwa ngumu. Kwaya ilialikwa kuimba mkesha wa mwaka mpya huko Rinkeby, mpaka alfajiri, na wimbo wa kufungua ulikuwa wake. Hakuna mwingine aliyeweza kuubeba. Walimwomba kwa heshima, na mtu akiombwa kwa heshima hukosa pa kushika. Alikuwa na miezi kumi na mmoja na siku kadhaa.

"Usiku mmoja tu, dada yetu," walisema.

"Ndiyo huohuo ninaouogopa."

Alikunywa vidonge vyake, akazima taa saa tatu na nusu. Mwaka mpya ulimkuta amelala. Saa nne asubuhi kengele ya mlango ililia, na uani, kwenye theluji, kulikuwa na watu kumi na watatu wenye macho mekundu, Filip na mbwa wake, wakisubiri wimbo wa kufungua. Alishuka na koti juu ya nguo za kulalia. Aliwafungulia mwaka pale pale, kisha wakaenda ziwani, yeye peke yake akitembea kama mtu aliyeshiba usingizi.

Mwishoni mwa Januari miezi kumi na miwili ilitimia. Josefin aliandika barua. Daktari wa kampuni aliisoma, akauliza maswali, akatia saini. Mafunzo ya kujikumbusha yalichukua wiki mbili.

Jumatatu ya kwanza Ndayisaba alikuwa mwisho wa safu ya kumi na moja, jaketi bado mwilini, anafungasha. Kutoka kwenye kona zikaja honi mbili fupi. Hakugeuka. Alivua jaketi, akalitundika, akamwambia msimamizi aliyekuwa akipita kwamba yule kuku amerudi.

Fébronie yuko zamu ya asubuhi, foklifti namba sita, safu ya tisa hadi ya kumi na nne.